Kiangazi cha Dodoma nacho kichorwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako. Kila nikionyesha picha zangu naambiwa, "Mwalimu, tia rangi bwana, watalii hawanunui vumbi." Namheshimu Edward Saidi Tingatinga na rangi zake kali alizoanza nazo Dar es Salaam mwaka 1968. Ila mimi nachora Dodoma ya mwezi wa tisa: nyasi zimekauka, mibuyu haina jani, vilima vimefifia kwa vumbi.

Kijana anayejifunza asikimbilie kijani cha tyubu, ni kikali mno. Akitie nyekundu kwa ncha tu ya kisu cha kuchanganyia rangi, aone kinavyotulia hadi kufanana na uzio wa minyaa kando ya barabara ya vumbi. Vilima vya mbali avipe nyeupe na buluu kidogo, kingo asizikoleze. Na kwa kuwa hizi ni rangi za mafuta, tabaka la kwanza alizimue kwa tapentaini. Mafuta ya kitani yaongezeke kwenye tabaka za juu, la sivyo rangi itapasuka. Na haikauki kesho, asubiri.

Waandaaji wa maonyesho nao wapunguze simba mmoja ukutani, shamba la mtama lililokwisha kuvunwa lipate pa kuning'inia.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma