Wanataka kunipa falanga ya motoka, na mi sitaki motoka

Bandugu, jambo yenu. Naomba shauri juu nyumbani hatusemeshane muzuri tena.

Mi ni papa wa batoto batatu, naikala Lubumbashi kule Golf, natumika ku kontabilite, ni kusema hesabu, ya kampuni moja yenye inafanyia migodi kazi. Mushahara si mubaya. Lakini kazini naendaka na kinga, baiskeli kabisa, na koti na karavati yangu, juu asubui motoka zinafunganaka njiani na mi nafika mbele ya bale ba RAV4, tena napendaka tu. Masomo ya batoto nalipa, nyumba ni yetu, deni sina.

Sasa ku avenue yetu kila kiwanja iko na jipu, zile motoka kubwa. Bibi yangu eko mu mituelle ya bamama, chama cha kusaidiana, kikwembe kimoja kwa kila ndoa, likelemba kila mwezi (bote banatoa falanga, mumoja anapokea kwa zamu), na kule balianza kumuuliza pole pole kama balinifukuza kazi. Juma iliyopita bakakuja kwetu, presida wa mituelle na bamama wengine babili, banaikala mu salon na Fanta yao, mi naingia na kale kapensi ka kubania nguo bado ku muguu ya suruali, bote bakaangalia televizyo, na televizyo ilikuwa imezimwa! Kisha presida akatosha anveloppe: mituelle imekubali tupewe likelemba mbele ya zamu yetu, tuanzie motoka, hata okazyo, ya kutumika, ya Japani ile inapitaka Dar. Banasema ni mapendo. Naamini ni mapendo kweli, njo kenye kinanichokesha.

Muzee wangu alivaaka abakosi, ile koti ya bila karavati, juu Mobutu alikatazaka karavati kuanzia 1972, mpaka ile hotuba yake ya 24 avrili 1990 njo bakaruhusu. Yeye alijua ni nani anamukataza. Mi nikiuliza nani anataka hii jipu, kila mutu anaonyesha mwenzake, hata presida alisema "papa, si miye, ni vile batu banasema".

Bibi naye eko na haki yake. Aliniambia: we unapitaka tu na kinga yako unaenda, mi njo naikala na bale bamama siku muzima. Na binti yetu mukubwa hataki tena nimusindikize mpaka ku mulango ya masomo. Shemeji anasema ninunue tu niipaki ku kiwanja, niendelee na kinga, sijui kama alikuwa anacheka.

Anveloppe iko juu ya kabati, hatujaifungua, na mukutano ya mituelle inakaribia. Nikirudisha, itakuwa matusi, na siku ya matanga bila mituelle, Lubumbashi utalia peke yako. Bamama zaidi munijibu: nirudishe miye mwenyewe, ao nimwachie bibi aseme kenye anataka, hata kama ni jipu?