Matokeo ya utafiti yarudi kijijini kabla ya mahafali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikishie ombi moja viongozi wa vyuo vikuu vya umma, hasa jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA): mwanafunzi aliyekusanya taarifa zake kijijini asivae joho kabla hajawarudishia matokeo wale waliomjibu.

Mimi ni mkulima wa nyanya Mlali, wilayani Mvomero. Kata yetu hupokea wanafunzi wa vyuo mbalimbali. Huja na barua ya kibali, wakapita kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, kisha wakaketi nasi na dodoso refu. Umelima ekari ngapi? Unapulizia dawa gani, mara ngapi kwa wiki? Unavaa nini ukipulizia? Tunajibu yote, hata maswali ya kipato ambayo mtu hamwambii shemeji yake. Ni vijana wenye adabu na bidii, wengi wao watoto wa wakulima kama sisi. Wakishapanda gari kurudi chuoni, habari inaishia hapo.

Chukua suala la kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, ndiyo maana dawa nyingi hazimfikii, na huzizoea upesi. Mkulima anaongeza dozi, anachanganya dawa mbili tatu kwenye bomba moja, gharama inapanda na nyanya bado zinaoza. Tumehojiwa juu ya mdudu huyu tukachoka. Majibu yetu yamekuwa tasnifu za Kiingereza zinazokaa maktaba au kwenye intaneti, huku sisi tukiendelea kuuliza ushauri kwa muuza dawa, ambaye naye ana mzigo wa kumaliza.

Nawaomba SUA waongoze katika hili kwa sababu uwezo wao tumeuona. Panya buku waliofundishwa Morogoro na shirika la APOPO kwa ushirikiano na chuo hicho wananusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu Uingereza. Huku kwetu habari hiyo inajulikana hadi kwa watoto, maana ilielezwa kwa Kiswahili chepesi. Na kule juu Mgeta, miaka ya 1980, SUA na wenzao wa Norway walipeleka mbuzi wa maziwa wakawafundisha wafugaji namna ya kuwatunza. Huo ndio utafiti tunaoutaka, unaorudi kwa mwenye zizi.

Ninachopendekeza si kikubwa. Mwanafunzi aandike kurasa mbili za Kiswahili cha shambani: nilikuja kuuliza nini, nimekuta nini, nashauri nini. Azisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kama nauli haipo, na najua mara nyingi haipo, azitume kwa simu kwa afisa ugani azisome kwa niaba yake. Mtendaji asaini kwamba zimefika, na saini hiyo iambatanishwe na tasnifu. Msimamizi asiyeiona asipitishe kazi.

Mwanafunzi naye atafaidika. Akisoma mbele yetu kwamba tunatumia dawa fulani kwa kipimo fulani, atasikia palepale kwamba kibandiko kinasema hivyo lakini bomba linajazwa vingine. Akisema mavuno yalishuka kwa sababu ya mbegu, wazee watamkumbusha kwamba mwaka ule mvua zilikatika mapema. Makosa ya namna hiyo ni afadhali yasahihishwe na Mlali kuliko yakaingia kwenye sera.

Chuo hicho kina redio, kina maktaba iliyopewa hadhi ya maktaba ya taifa ya kilimo mwaka 1991, na kila mwaka hukutana na wakulima viwanja vya Nanenane hapa Morogoro. Kurasa hizo mbili zikiwekwa pamoja kwa zao na kwa kata, zisomwe redioni na zigawiwe Nanenane. Wanaomaliza mwaka huu wanaweza kuanza. Namba za simu za watendaji wetu wanazo tangu siku walipoleta barua za kibali.

Mkulima wa nyanya,
Mlali, Mvomero, Morogoro