Maandalizi ya safari yetu ya jangwani

Ndugu wanakikundi,

Tutaondoka saa 11 alfajiri, kabla jua halijachomoza, ili sehemu ya njia yenye mchanga mwororo tuwe tumeivuka kabla joto la mchana halijazidi. Kila msafiri abebe angalau lita 5 za maji yake mwenyewe, akiyagawa katika vyombo kadhaa, kwa kuwa dumu moja likipasuka yote yatapotea. Madereva wapime upepo wa matairi yakiwa bado baridi. Tukifika mchangani tutaupunguza ili tairi litandae na lisizame, kisha tutaujaza tena kwa pampu tukirudi kwenye lami.

Jambo ninalowasihi kuliko yote ni hili: gari likiharibika au likiachwa na msafara, mtu yeyote asiondoke kwa miguu kutafuta msaada, hata akiona kitu kinachometameta mbele kama ziwa, kwani hayo huenda yakawa mazigazi tu, yaani maji yasiyokuwepo yanayoonekana kwa sababu ya joto. Tena, gari huonekana kutoka mbali na hutoa kivuli, ilhali mtu aliye peke yake ni vigumu mno kumpata. Vilevile tusipumzike kwenye mkondo wa mto mkavu, maana mvua iliyonyesha mbali huweza kuleta mafuriko ya ghafla. Bebeni pia sweta, kwa sababu baada ya magharibi baridi huingia upesi.