Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wapimaji wa Ubora wa Huduma katika Hospitali za Kijeshi

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya takwimu yalifanyika, ziara za wodini zilifanyika, jarida lilitoka, na Katibu ameshawatumia muhtasari. Sitapoteza muda huko. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya dodoso, basi tuzungumzie dodoso.

Kamati yenu, kwa pendekezo langu, iliamua mambo mawili: cheo na namba ya jeshi viondolewe kwenye dodoso la kuridhika kwa mgonjwa, na dodoso lisijazwe tena wodini bali mgonjwa atumiwe akisharuhusiwa. Alama zikashuka. Waganga wakuu kadhaa wamelalamika kwamba tumewaaibisha mbele ya makamanda wao, na wapo wanachama waliosema mwenyekiti anabomoa chama.

Mafungu ya madodoso ya zamani niliyapitia mwenyewe, karatasi moja baada ya nyingine, bila posho. Nilikuta fungu zima limejazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila swali "nimeridhika sana". Mgonjwa mmoja aliridhika sana na chakula cha wodi, ilhali jalada lake linaonyesha alikuwa kwenye dripu, amekatazwa kula kwa mdomo tangu alipolazwa mpaka alipohamishwa. Namba ya jeshi ndiyo iliyoniwezesha kulijua hilo. Na ni hiyo hiyo inayowafunga wagonjwa midomo.

Koplo akiulizwa na luteni aliyemtibu kama ametibiwa vizuri, atajibu nini zaidi ya "ndiyo, afande"? Tena daktari wa jeshi ndiye anayeamua nani anafaa kwenda operesheni na nani apewe kazi nyepesi. Askari anayeogopa habari za afya yake ya akili zisimfikie kamanda hawezi kulalamika kwenye karatasi yenye namba yake.

Kwa wanaosema tumejitungia: dodoso la HCAHPS la Marekani, linalowauliza wagonjwa walivyohudumiwa hospitalini, ambalo matokeo yake yalianza kutangazwa kwa umma mwaka 2008, hutumwa kuanzia saa 48 baada ya mgonjwa kuruhusiwa, si akiwa kitandani. Mwaka 2014 Waziri wao wa Ulinzi, Chuck Hagel, aliagiza hospitali za kijeshi zichunguzwe kwa siku 90. Ikaonekana kwa jumla zinalingana na za kiraia, ila zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe. Wakatangaza. Sisi tunaogopa nini?

Wapo pia wanaotaka tubaki kupima vifo na maambukizi ya vidonda tu. Muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alitumia takwimu za vifo vya askari wa Vita vya Krimea, na ilikuwa kazi kubwa. Lakini tangu 1966 Avedis Donabedian, mtaalamu wa ubora wa huduma za afya, alishatufundisha kutazama vifaa na watu waliopo, namna kazi inavyofanyika, na matokeo, vyote pamoja. Namna kazi inavyofanyika, nani ataieleza kuliko aliyelala pale?

Ni kweli waliojibu wamepungua. Nililionya hilo kwenye kikao kile kile cha uamuzi, ambacho akidi yake ilipatikana kwa kupigiana simu hadi jioni. Wengi wa wanaopaza sauti leo simu hazikupokelewa. Kumkumbusha mgonjwa kwa ujumbe wa simu kunahitaji fedha, na fedha yetu ni ada, ambayo hata nusu ya wanachama hawajalipa. Baadhi wanadaiwa ya miaka miwili, nao ndio wa kwanza kuuliza kwa nini sampuli ni ndogo. Majina ninayo. Sitayasoma leo.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na hali ikiruhusu, kuzifikia kliniki za wagonjwa wa nje na za familia za askari. Kamati itaangalia pia namna ya kuwashirikisha makamanda.

Mweka Hazina amekaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Naomba kuwasilisha.