Mheshimiwa Waziri, mama ya muzazi aingie naye ndani

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa jimbo letu la Haut-Katanga,

Jambo yenu. Munisamehe naandika Kiswahili ya hapa kwetu Lubumbashi, Kifaransa ningejaribu lakini haya mambo iliniumiza mu Kiswahili njo maana naisema mu Kiswahili, na bamama benye nataka basome pamoja na ninyi banaongea hivi.

Miye ni mama ya batoto batatu, nakaa mu komini Katuba, nauzisha sombe na lengalenga. Batoto bote nilibazalia mu materinite za hapa mujini, wa kwanza 2013, wa mwisho 2022. Jina ya hopitali sitaitaja, juu sitafuti muntu apoteze kazi yake, na tena bamama benye tunauzisha nabo ku soko kila mumoja alizalia fasi yake lakini ukibasikiliza utasema balilala bote mu chumba kimoja.

Leo siandiki juu ya fakitire, ile makuta hopitali inalomba. Juu ya fakitire bantu banaongea mingi, zaidi tangu ile gratuite ya materinite, kuzala bila kulipa, ilianza Kinshasa mu mwezi wa 9 mwaka 2023, na bamama benye banazuiliwa mu hopitali na mutoto juu ya makuta, ile nayo inatosha barua yake peke yake. Miye nataka kuongea juu ya vitu vyenye havilombi makuta, vyenye vinaweza kubadirika kesho asubui kama muntu mwenye mamlaka anasema neno.

Ile usiku ya mutoto wangu wa tatu ilikuwa mwezi wa saba, baridi yetu ya mwezi wa saba munaijua. Uchungu ulinikamata saa tano ya usiku. Tulipanda moto, ile pikipiki ya manseba mumoja wa jirani, miye katikati, mama yangu nyuma amenishika, basani juu ya magoti. Mu basani mulikuwa vikwembe tatu, sabuni, wembe, pamba, magá ya kuvaa ku mikono, plastiki ya kutandika ku kitanda, na termo ya chai yenye mama alitayarisha na sukari mingi juu alisema mwanamuke mwenye anazala anafanya kazi ya kubeba gunia ya makala usiku muzima, hawezi kuibeba na tumbo tupu.

Ku mulango wa materinite balimuzuia. "Mama, weye bakia hapa." Miye nilipita na basani, yeye alibakia na termo, na vile mulango ulifungwa sikumuona tena mpaka asubui.

Mheshimiwa, njo pale nataka mukae nami kidogo.

Ndani mulikuwa vitanda sita na bamama tisa. Kitanda yangu ilikuwa ya chuma, ile skai ya juu imepasuka, inashika ku ngozi na inaleta baridi mpaka mu mifupa. Miguu yetu sisi bote ilikuwa inaangalia mulango, na mulango ulikuwa unafunguka kila saa: mwenye kupiga deki na ndoo yake, banafunzi, mara moja papa mumoja aliingia kutengeneza taa, akatengeneza taa yake na sisi tuko pale namna tulikuwa, hakuna mwenye alitufunika. Hakuna rido hata moja ya kutenga vitanda. Niliona misumari mbili ku ukuta, labda zamani ilikuwako. Kikwembe kimoja na kamba, Mheshimiwa, kila mama anakuja na vikwembe tatu, banaweza hata kutuambia tufunge yetu.

Balinipima, balisema njia ya mutoto imefunguka santimetre tatu. Kiisha akaja mwengine akapima, kiisha mwanafunzi, kiisha mwanafunzi mwengine juu yule wa kwanza hakuwa na hakika, kiisha infirmiye tena. Mbele ya saa nane ya usiku mikono tano tofauti ilikuwa imeingia mwilini mwangu, na kati yabo hakuna hata mumoja mwenye alisema jina yake ao aliniuliza kama niko tayari. Banakuambia "fungua miguu" vile unaambia muntu afungue sakoshi. Najua banafunzi banapaswa kujifunza, banganga ba kesho banatoka wapi kama habajifunze, lakini mumoja akisema "mama, naitwa fulani, naomba kukupima" anapoteza sekunde ngapi?

Kutembea balinikataza. Nilale mugongo, nikae vile. Nkambo yangu alizala batoto wake magoti chini amekamata nguzo ya nyumba, na miye mwili wangu wote ulikuwa unaniambia nisimame, niiname, nishike kintu, lakini kila nikiamuka balipiga kelele nirudi kulala. Kiu ilinikamata, nilomba maji, balisema mwenye anazala hakunywe. Na termo ya mama yangu iko mita makumi mbili inje ya ukuta.

Ku kitanda ya pembeni mulikuwa binti, sizani alikuwa na myaka kumi na nane, mimba yake ya kwanza. Alikuwa analia sana, anaita mama yake. Na mama yake alikuwako, nilijua kiisha, alikuwa amekaa inje na mama yangu chini ya ule muembe. Infirmiye akamuambia yale maneno yenye kila mwanamuke wa huu muji amekwisha kusikia: "Wakati ulikuwa unatafuta ile mimba haukulia hivi." Binti akafunga kinywa. Akauma kikwembe chake na machozi inashuka tu, bila sauti. Kati ya vitanda vyetu mulikuwa fasi ya mukono moja, nikanyoosha mukono wangu akaushika, na kila uchungu wangu ukikuja namukamata nguvu, wake ukikuja ananikamata nguvu, tulikaa vile labda masaa mbili, bantu babili benye habajuane. Aliniuliza "yaya, unaitwa nani?" Mu usiku muzima njo muntu wa kwanza kuniuliza jina.

Saa ya kusukuma ilipomufikia, mumoja alipanda na kiwiko juu ya tumbo yake akafinya kwa nguvu. Nilisikia namna alilia. Balimukata njia ya mutoto, kiisha kumushona hawakumuchoma ganzi, balisema "iko sindano mbili tatu tu, vumilia." Nilihesabu miye mwenyewe, hazikuwa mbili wala tatu.

Wakati wangu ulipofika nililia pia, nililia kwa sauti, na mama yangu akanisikia kupitia dirisha. Alijibu kutoka inje: "Mama, niko hapa! Niko hapa, mama!" Alikuwa ananiita mama vile ananiitaka tangu nilikuwa mutoto. Sitasahau ile sauti. Nilisikia kama muntu amenitia maji ku uso, nguvu ikarudi. Infirmiye akaenda akafunga dirisha.

Mutoto alizaliwa saa kumi ya usiku. Balimufunga mu kikwembe, balimulalisha ku meza kule mbali na miye, na mama yangu balimuambia saa kumi na mbili asubui. Masaa mbili muzima mama yangu amekaa chini ya muti na baridi, sauti yangu amesikia, kiisha hasikii kintu tena, hajui kama niko muzima ao nimekufa. Alinihadisia kwamba alianza kuomba sala ya marehemu. Ile masaa mbili njo inanitia uchungu kupita hata kushonwa.

Sasa munisikilize vizuri, siko nabashitaki infirmiye. Ile usiku balikuwa babili kwa bamama tisa. Bengine kati yabo banafanya kazi myaka na myaka jina yabo haiko ku liste ya mushahara ya Leta, banangojea kidogo yenye hopitali inabakatia. Muntu mwenye hajalala, mwenye hajalipwa, anakimbia kati ya vitanda sita, kinywa chake kinakuwa kikali. Naelewa. Mutoto wangu wa pili nilizalishwa na mama mumoja mwenye alisema jina yake alipoingia, alinisugua kiuno na mukono yake, alikuwa ananiambia kila kintu mbele ya kukifanya, na alikuwa na kazi mingi vile vile. Basi inawezekana.

Lakini njo pale pale hoja yangu inakaa: kama infirmiye beko babili kwa bamama tisa, mbona tunafungia inje bantu tisa benye banangojea bure, benye wanataka kusaidia? Mama yangu angeninywesha chai. Angenisugua mugongo. Angenishika nisimame. Angeita infirmiye wakati kichwa cha mutoto kinaonekana, maana ile usiku mama mumoja ku kitanda ya mwisho alizala peke yake, sisi njo tulipiga kelele ili bakuje. Angeweza kusema "mumuchome ganzi mbele ya kumushona", kwa heshima, na bangesikia juu kuna jicho yenye inaangalia. Na ile maneno mabaya, muntu anaogopa kuitoa mbele ya mama ya muzazi.

Binamu yangu anasomea usajifamu, kazi ya kuzalisha. Nilimuhadisia haya yote, nikizani atasema njo vile masomo yanataka. Kumbe hapana. Alinionyesha ku telefone yake mapendekezo ya OMS, shirika la afya la dunia, ya mwaka 2018 juu ya kuzala, iko 56, na ndani yake wameandika wazi: mwanamuke awe na muntu mwenye amechagua yeye mwenyewe karibu naye wakati wote. Anywe na akule kama mimba yake haina hatari. Atembee, asimame, achague namna ya kukaa. Kupima iwe kila masaa ine, siyo kila muntu anapita. Kufinya tumbo ili mutoto atoke, hawaipendekezi. Kukata kila mama bila sababu, hapana pia. Mutoto akiwa muzima alazwe ku kifua cha mama yake mu saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi. Na alinisomea utafiti mukubwa wa mwaka 2017 wenye ulikusanya banamuke kupita 15000 mu inchi 17: benye balikuwa na muntu wa kubashika mukono mwanzo mpaka mwisho, uchungu wabo ulikuwa mufupi kidogo, na benye balipasuliwa tumbo walikuwa kidogo kupita balee bengine.

Nilikaa kimya. Myaka yote nilizani ile mateso ni dawa, kumbe ni mazoea tu.

Najua vyenye hopitali zitajibu juu nimekwisha kubauliza. Banasema fasi ni ndogo. Kweli ni ndogo, lakini nalomba muntu mumoja kwa kila mama, siyo famiye yote na bajirani. Banasema bamama bengine bataonekana: tufunge kikwembe kati ya vitanda, tunakirudilia pale pale. Banasema mikrobe: anawe mikono na sabuni, avae kikwembe safi, avue viatu ku mulango. Banasema atasumbua: mwenye anasumbua atoke, kila mama anakubali hiyo sheria. Bwana yangu yeye angependa kuingia pia, aliniambia, lakini kama hakuna rido naelewa banaume bangoje inje kwanza, tuanze na mama, yaya, tanti, ao rafiki, mwenye muzazi mwenyewe anataja jina yake akifika.

Mheshimiwa, muko na uwezo wa kutuma barua moja kwa bamedsen-shefu ba zone zote za afya za jimbo. Barua yenye inasema kila mama mwenye anakuja kuzala aulizwe ku mulango: nani ataingia na weye? Na inasema bamama banywe maji. Na wakati inspeksio inapita, wasiangalie paka rejista na dawa, baulize bamama benye banatoka na batoto wabo: ulikuwa na muntu? balikufunika? balikuambia jina yabo? Mukiogopa kuanza fasi zote, muanze na materinite moja ya Katuba ao ya komini Kenya hapa mujini, miezi tatu, muone. Na infirmiye baitwe bakae chini baongee mbele ya barua kufika, juu barua yenye inashuka tu kutoka juu inabakiaka mu tiroir ya meza.

Mudogo wangu atazala mwezi wa kumi, joto kali. Ni mimba yake ya kwanza na amekwisha kusikia habari yangu, sikupaswa kumuhadisia yote, sasa anaogopa mpaka anauliza kama hawezi kuzalia ku nyumba. Nimemukataza. Kuzalia ku nyumba damu ikimwangika nani ataizuia? Nataka aende hopitali, nataka kila mama wa Katuba aende hopitali. Mama ametafuta termo ingine, ile ya zamani ilipasuka. Atapanda naye moto, atafika naye ku ule mulango, basani ku mikono.

Nalomba ile siku mulinzi aangalie mama yangu, amuambie: pita, mama.

Na heshima yote,
Mama ya batoto batatu, Katuba, Lubumbashi