Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Anatumwa Saiti?

Ndugu wanachama, wathamini wenzangu wa mali,

Hesabu atazisoma mhazini. Ada zinalipwa kwa kusuasua, kama mnavyojijua. Mimi nitasema juu ya sera ya jinsia kazini, iliyoichukulia kamati vikao vingi kuliko jambo lolote mwaka huu.

Chama cha wapimaji na wathamini cha Uingereza kilianzishwa 1868. Sheria ya 1919 iliwafungulia wanawake taaluma, Irene Barclay akafuzu 1922, mpimaji mwanamke wa kwanza, lakini chama hicho kilipata rais mwanamke wa kwanza 2014. Kuruhusiwa kuingia ni jambo moja, kupanda ni jingine.

Kwetu mitihani si kikwazo. Kikwazo ni saiti, yaani kwenda kukagua mali pale ilipo. Mthamini mchanga huonyesha kumbukumbu za mali alizozikagua mwenyewe ndipo asajiliwe. Binti akibakizwa ofisini kuingiza takwimu, eti shamba liko mbali au nyumba haina mtu, kumbukumbu zake hubaki nyembamba na ripoti husainiwa na wengine. Nakiri nami nimewabakiza hivyo, nikidhani nawahurumia.

Sasa sera inasema: jengo tupu au mteja asiyefahamika huendewa na watu wawili, wawe wanaume au wanawake, na ratiba yao iachwe ofisini. Anayetongozwa au kushikwashikwa na mteja aondoke, na malipo yake ya siku hayakatwi. Hata Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unazihesabu safari za kikazi kuwa sehemu ya kazi.

Mabishano yalikuja kwenye likizo ya uzazi. Mkataba Na. 183 wa shirika hilo hilo unataka wiki zisizopungua 14 na kurudi kwenye nafasi ile ile au iliyo sawa nayo. Wenye ofisi ndogo walilalamika, na wana hoja: ofisi ya watu watatu ikimkosa mmoja hutetereka. Lakini anayelipwa kwa idadi ya ripoti hurudi akakuta wateja wake wameshagawanywa. Tukakubaliana kwamba mwenzake awashike kwa muda, kisha awarudishe.

Limebaki suala la mishahara. Tangu 1951 Mkataba Na. 100 unadai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sisi, ambao hatuandiki bei bila kutafuta mali za kulinganisha, hatujawahi kulinganisha mishahara yetu wenyewe. Fomu zisizo na majina mlitumiwa, nyingi hazijarudi. Ya ofisi yangu niliijaza juzi tu. Katibu bado anazipokea.