Barua kwa mwanangu: kabla hujalipia chombo

Nungwi, Jumanne usiku

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku sote hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, likisikia mvua tu linaanza kulalamika. Barua hii nampa mdogo wako anayevuka Ijumaa na boti ya asubuhi. Ningekupigia, lakini kwenye simu unaniambia "sawa baba, nimeelewa" kabla sijafika katikati, halafu mtandao unakatika na mimi nabaki na maneno kinywani.

Nimesikia mwisho wa mwezi unalipia chombo cha tanga. Ndiyo maana naandika leo, sikungoja Idi.

Picha za vyombo vyote vitatu unavyochagua nimeziona. Mdogo wako alinikuzia kwa vidole mpaka nikawa naona vichwa vya misumari. Sasa nijibu jambo moja, na huko chini nitaliuliza tena kwa sababu nakujua: tanga linatuliwaje, yaani linashushwaje? Sikuulizi linatwekwaje, kupandishwa juu. Kutweka ni pwani, maji yametulia, watu wanakutazama na una muda wako. Nauliza pale upepo umegeuka ghafla, mkono mmoja uko kwenye usukani, mtoto analia, chombo kimelala ubavu na maji yanaingia. Mkono uliobaki unashika kamba gani? Na ukiiachia, tanga linashuka au linabaki juu?

Rangi, mito ya kukalia na kivuli cha turubai tutazungumza baadaye.

Hicho chombo cha kwanza, hiyo Laser ambayo siku hizi wanaiita ILCA, nilianza kwa kukipenda. Mita 4.23, kilo 59 kabla ya tanga na mlingoti, watu wawili wanakibeba kama jeneza. (Nisamehe, ndivyo kalamu ilivyokuja.) Halafu nikamwambia mdogo wako anionyeshe henza, kamba ya kupandishia na kushushia tanga, iko wapi. Akatafuta. Tukatazama video nzima ya Mzungu anakitayarisha, tangu nyasini mpaka majini. Hakina henza! Tanga limeshonwa mfuko, linavishwa mlingoti kama mto unavyovishwa foronya, kisha mlingoti unachomekwa na tanga lake tayari. Ukishaingia baharini nalo, umeingia nalo. Kulishusha ni mpaka urudi nchi kavu.

Najua utakachosema. Ukiachia demani, kamba ya kuvutia tanga, tanga linapepea tu, upepo unapita na chombo kinasimama. Kweli. Na kikipinduka unasimama juu ya ule ubao wa kati, kinainuka. Nimemwona kijana anakiinua kabla sijamaliza bismillahi. Kwa mtu wa kushindana peke yake, asiyeogopa kulowa, sina neno. Lakini wewe unataka kwenda Mbudya Jumapili na wajukuu zangu wawili na kikapu cha chakula. Utawaweka wapi, kichwani?

Ngalawa ya yule mzee wa Kunduchi ndiyo iliyonitia kigugumizi. Mikono 12, gogo la mwembe, matengo mapya, ile miti iliyokingama juu yake. Nilifurahi, sikatai. Mwanangu anayeshinda benki na viatu vya kisigino ameweka ngalawa kwenye orodha yake pamoja na vyombo vya Wazungu. Mama yako anasema nilitabasamu peke yangu. Lakini itazame tena ile picha ya karibu, pale tengo linapokaa juu ya ukingo wa gogo. Kamba ni za nailoni, buluu, mpya, zinang'aa. Chini ya kamba mti umeingia weusi. Mtu hufunga kamba mpya juu ya mti uliochoka kwa sababu anajua mnunuzi hutazama kamba. Nenda na kisu kidogo, kichome hapo penye weusi. Kikizama bila kusukumwa, mwulize mzee hali ya watoto wake, umshukuru, uondoke.

Na hata mti ukiwa mzima: ngalawa ikijaa maji inaelea, hilo ni jambo kubwa na silidharau. Henza yake ni moja, inaeleweka. Ila foromali, ule mti unaobeba tanga, inakaribia urefu wa chombo chenyewe, na kila ukigeuza upande lazima ihamishwe mbele ya mlingoti. Kazi hiyo inataka watu wawili wanaoelewana kwa jicho. Mumeo ni mtu mwema, simsemi vibaya, lakini alitapika ndani ya boti ya abiria siku ambayo bahari ilikuwa kama sinia.

Usimsikilize pia atakayekwambia uje uchongewe dau dogo hapa kwetu. Mafundi wapo, kila siku nasikia tezo zao kutoka barazani, na mimi ningepata pa kukaa na kutoa amri. Lakini dau linataka mtu wa kushinda nalo. Likiachwa juani miezi miwili mbao zinakauka na kuachana. Ukilirudisha majini linakunywa kama mgonjwa wa sukari. Utalikalafati kwa pamba kuziba nyufa, utalipaka sifa, mafuta ya papa, utalipaka deheni ya shahamu na chokaa chini, na kila baada ya muda ulipandishe pwani lisuguliwe na kuchomwa kwa makuti, la sivyo wadudu wanalitoboa mpaka linakuwa chujio. Wewe utakuja siku nne kwa mwezi, na mbili kati ya hizo mtoto ana homa. Halafu dau linakaa vizuri kwa farumi, mawe ya uzito ndani yake. Likijaa maji, mawe hayaogelei.

Imebaki hii Wayfarer ya faiba. Futi 15 na inchi 10, kilo 169, matanga mawili. Umeniandikia ukurasa mzima wa yule Mwingereza, Frank Dye, aliyetoka Scotland mpaka Iceland na chombo cha namna hii mwaka 1963. Mwanangu, mimi sikutaki Iceland, nakutaka Kunduchi kabla ya alasiri. Na hukuniandikia kwamba mwaka uliofuata, akienda Norwei, dhoruba ilimpindua na mlingoti ukavunjika. Hilo mdogo wako alilikuta mwenyewe. Ukinipa hadithi, nipe nzima.

Lakini hiki ndicho ningekitazama. Kina nafasi, watoto wanakaa chini ndani wala hawaning'inii ukingoni. Tanga kubwa linaweza kupunguzwa upepo ukizidi. Kina vyumba vya hewa mbele na nyuma, ndivyo vinavyokiweka juu kikijaa. Muuzaji atakwambia vizima, usimwamini. Faiba ya mitumba hufa kwa ndani. Gonga ubavu wote kwa kifundo cha kidole kama unavyogonga nazi: panapolia vizuri ni pazima, panaposema *dub* pameachana. Fungua vifuniko vya vyumba hivyo uingize mkono mpaka chini. Mkono ukirudi na maji, mwulize yameingilia wapi. Kisha mwambie akisukume mpaka maji ya kifuani, mkijaze makusudi, mkipindue, mkiinue, mkumbe maji. Asiyetaka chombo chake kijazwe maji mbele ya mnunuzi anajua anachokificha. Upo wa kukumbia maji siku hizi hakuna anayechonga, kata kidumu cha lita tano, ukifunge kwa kamba fupi kisije kikaelea kikakuacha.

Sasa panda juu. Huko juu kabisa ya mlingoti kuna roda, kigurudumu inapopita henza. Kwenye picha naiona nyeupe upande mmoja, nadhani ni chumvi. Twekeni tanga lote, kisha fungua henza na uiachie bila kuligusa tanga. Linashuka lenyewe mpaka chini? Au linakwama njiani mpaka mtu asimame alivute? Fanyeni mara tano, kavu. Halafu limwagieni maji, mara tano tena. Ukimaliza niandikie, usinipigie, uniandikie kwa mkono wako: baba, lilishuka mara kumi.

Ile siku ya ami yako sina haja ya kuisimulia, ulikuwepo pwani. Mpaka leo watu husema kamba ilivimba kwa maji ndiyo maana haikufunguka. Ilivimba, ndiyo. Ila kamba haijifungi. Ilifungwa asubuhi, pwani, na mtu aliyekuwa na haraka ya kuwahi maji, akapiga fundo juu ya fundo ili tanga lisimsumbue njiani. Ami yako alikuwa kwenye usukani. Anakwenda na mkongojo, tunakaa naye baraza moja kila magharibi, na hajaniuliza hata siku moja.

Basi, henza hufungwa hivi. Izungushe kwenye kishikio mara mbili au tatu, na mzunguko wa mwisho usipitishe ncha ya kamba. Pitisha kitanzi, ncha ibaki nje inaning'inia. Ukiivuta hiyo ncha, vyote vinafunguka. Mtoto wa miaka sita anaweza, na huyo mkubwa wako nataka ajue. Kamba iliyobaki usiikunje ukaikalia. Iwe imelala sakafuni, haijakanyagwa, haijafunikwa na kikapu cha chapati.

Mama yako alisoma mpaka hapa akaniuliza: haya yote uliyajua, mbona hukumfundisha? Nikamwambia alale. Nakumbuka ulivyokuwa ukinifuata na upo mkononi, na nilivyokuwa nikikurudisha. Kaka yako sikumrudisha, na leo anauza simu Darajani, hajui omo wala tezi, mbele wala nyuma ya chombo. Wewe umejifunza ukubwani, kwa watu baki, umelipia kwa saa mambo yaliyokuwa yamejaa nyumba nzima. Kwenye ile video uliyopiga bisha dhidi ya upepo mbele ya Msasani nilikuona unachelewa kidogo kuhamisha uzito. Kidogo tu. Ami yako aliomba irudiwe mara tatu.

Halafu hizo faiba zina ule mti chini ya tanga, sisi kwetu haupo. Ukigeuza na upepo wa nyuma unapita kama rungu. Watoto vichwa chini kabla hujasema lolote, na majaketi ya kuokolea yavaliwe tangu pwani, yasikaliwe kama mito.

Kuhusu upepo sitakuchosha. Jifunze na miezi ya matlai, upepo mpole wa mashariki, bahari inakusamehe. Kusi ikishapamba, toka mapema na urudi mapema. Asubuhi inakudanganya, ikifika saa saba mchana siyo ile uliyoiacha. Usitoke nje ya visiwa. Huko nje mkondo unavuta kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaongeza kasi, kwa hiyo upepo na maji vyote vinakupeleka upande mmoja na nyumba iko upande wa pili. Bamvua, yale maji makubwa, likitoka unaachwa mbali mchangani, na kilo 169 huziburuti na mumeo peke yenu. Zamani nilikuwa natazama mawingu tu, nikiwacheka wa redioni. Mei 2024, Kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa walitangaza mapema na boti za abiria zikasimama. Mimi kwa mawingu yangu ningetoka. Tangu hapo nasikiliza. Nawe sikiliza, na ukiambiwa mawimbi makubwa usianze kunibishia kwamba Kunduchi kumetulia.

Mumeo anajua kutua tanga? Simwulizi kuendesha. Ukianguka wewe majini, yeye na watoto wakabaki juu na tanga limejaa upepo, chombo kinakuacha. Mfundishe kamba hiyo moja kabla hujamfundisha kitu kingine.

Tangi la maji limepasuka chini, nimeliziba kwa lami lakini linavuja usiku. Fundi anataka tununue jipya. Mimi nasema lile la lita elfu moja linatosha, mama yako anataka elfu mbili kwa sababu ya wageni wa Idi. Wageni ni ninyi, kwa hiyo amueni. Mbuzi yule mweusi kazaa mapacha, mmoja hakuishi. Bati la jikoni halijabadilishwa. Pesa uliyotuma nimelipia deni la duka kwanza, nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwingine.

Ami yako anakusalimu. Anasema nunua faiba na usinisikilize mambo ya roda, kila mtu ana roda yake. Sijui alikuwa na maana gani.

Ndani ya kikapu kuna ng'onda wa mama yako, boga, na pima nane za kamba. Nimeinunua mjini, nyembamba, haivimbi, nimeisuka ncha zote mbili mwenyewe ingawa macho hayataki. Kama henza ya chombo hicho ni kuukuu, weka hii. Kama si kuukuu, weka hii vilevile. Usiikate kuanikia nguo.

Mdogo wako asirudi bila dawa za presha za mama yako, zile za kila siku, si zile za mwezi uliopita zilizomvimbisha miguu. Na kikapu kirudi naye, cha jirani.

Baba yako